Kwato za Fundi Tangi

Mbuzi. Ndiyo, nusu yake ni mbuzi, cheka umalize, mimi nitakungoja. Dada wa saluni ya jirani alicheka siku tatu nilipomdokezea, akaniuliza kama nikiolewa mume atanitunza au atanitafunia mapazia. Nilicheka naye, maana hata mimi zamani nilidhani kwamba kama ningekuja kumpenda mahuluti, yaani nusu mtu nusu mnyama, basi angekuwa mmoja wa wale wabeba mizigo wa sokoni wenye shingo za simba, wanaopita mtaani na wasichana wakasahau walichotumwa. Moyo ukawapita wote hao. Ukaenda kutua kwa Fundi Tangi, mtu mwenye kwato anayetengeneza matangi ya maji juu ya mapaa.

Lakini wewe hujamwona akipanda. Siku ya kwanza nilimwona nikiwa nimesimama mlangoni mwa karakana yetu, mdomo wazi, kipande cha nta ya kupakia uzi kikiyeyuka mkononi. Alikuwa ghorofa ya sita, kwenye ukingo wa ukuta usiozidi upana wa kiganja, spana kaibana kwa meno, anatembea kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Hakushika kitu. Alipofika kwenye tangi akainama, akasikiliza, akaligonga mara mbili, akajua ufa uko wapi. Nikajiambia, huyu mtu, Mungu alipomuumba alikuwa hana haraka.

Kisha ukimkaribia, macho. Rangi ya asali, na mboni zimelala, hazikuwa duara kama zetu. Wapo wanaosema yanatisha. Mimi akinitazama nahisi nimeonekana mzima, kushoto na kulia, pamoja na yale niliyodhani nimeyaficha. Pembe zake hukatwa kila mwaka kama amri inavyotaka, vinabaki vigutu viwili chini ya kofia. Sauti yake ni ya chini na ya upole. Na mimi, ambaye mtaa mzima unaniita Pilipili kwa ajili ya ulimi wangu, mbele yake nilikuwa naishiwa maneno. Watu wa nyumbani wangelijua hilo wangemlipa aje kila siku.

Sasa Alhamisi ile, saa nane mchana, alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana akijaribu jozi mpya niliyomshonea. Inabidi nieleze kidogo hapa. Amri inasema mahuluti mwenye kwato asitembee barabarani ila kwa viatu vyenye umbo la mguu wa mtu, vidole na kila kitu, ili watu wasisikie mlio wake wala wasione alivyo. Karakana yetu, tuliyoachiwa na marehemu baba, imeshona viatu hivyo zaidi ya miaka ishirini. Tunaviuza kwenye dirisha la pembeni. Namba moja, namba mbili, namba tatu, chukua nenda. Hakuna mahuluti aliyewahi kuingia ndani kupimwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ila kwa watu wetu wa damu mambo ni mengine. Baba alimchongea kila mmoja wetu kalibu yake, yaani ule mguu wa mbao ambao kiatu hujengwa juu yake, akazitundika ukutani juu ya cherehani. Jozi ya baba, jozi ya mama, jozi yangu. Mgeni hachongewi. Mwaka jana nikachonga jozi ya nne, nikaificha nyuma ya aproni zilizoning'inia. Kwato mbili za mbao, nimezipiga msasa mpaka zikang'aa. Kwa jozi hiyo nilimshonea viatu vya kuvaa juu ya mapaa, ambako haonwi na askari yeyote. Akishuka anabadili, anarudia vile vya dirishani.

Na Alhamisi ile, kwa kuwa akili yangu haikuwa nyumbani, nilipomaliza kazi nikazitundika kwato zile waziwazi, palepale kando ya kalibu za baba.

Akili ingekuwaje nyumbani? Tangazo lilikuwa limetoka siku tano nyuma: mahuluti yeyote asiye na kaya ya kumwandika kuwa ni wake, Ijumaa asubuhi anapelekwa ng'ambo ya ukuta wa mji. Aliyekwenda ng'ambo harudi, wala barua haivuki. Ofisi ya mtaa ilikuwa inafunga saa kumi jioni. Fomu hutiwa sahihi na mkuu wa kaya, na kwetu mkuu wa kaya ni mama. Nilikuwa nimemwomba mjomba, ambaye ni karani wa ofisi hiyo, aniletee fomu moja kimyakimya, ya rafiki yangu. Kosa langu hilo. Ukimpa mjomba siri, afadhali ukodi kipaza sauti.

Mlango ukafunguliwa. Akatangulia mama, nyuma yake mjomba na bahasha kwapani.

Fundi Tangi akasimama haraka, akavua kofia, akakumbuka vigutu, akaivaa tena. "Shikamoo, mama. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mjomba akaitikia kwa mazoea, kisha akakunja uso kama aliyeuma ndimu.

Mama hakuitikia. Macho yake yalikuwa ukutani.

"Hiyo ni nini?"

"Kalibu, mama."

"Naona ni kalibu. Nimekuwa mke wa fundi viatu miaka thelathini na nne. Nauliza ni ya nani."

"Ya huyu."

"Na umeitundika wapi?"

Alikuwa anaona mwenyewe.

"Karibu na ya nani?"

"Ya baba."

Mama akavuta stuli, akakaa, akauweka mkoba wake magotini. Namjua mama yangu. Akipiga kelele, mambo ni mepesi. Akikaa chini taratibu hivyo, tafuta pa kujificha.

"Si nilikwambia, dada," mjomba akaanza. "Fomu ya rafiki, fomu ya rafiki. Rafiki gani anachongewa kalibu?"

"Kaka, nyamaza kidogo." Kisha kwangu: "Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa pili."

"Miaka miwili tunakula meza moja mimi na wewe. Unaniambia chumvi imezidi, unaniambia paka wa jirani kazaa. Hili hukuliona la kuniambia?"

"Niliogopa, mama."

"Wewe? Uliogopa?"

"Nilikuogopa wewe. Nilijua utasema hapana, na nikishaisikia hapana yako sitaweza kujifanya sijaisikia."

Mama akashusha pumzi. "Yule mfamasia alikuja kukuposa na adabu zake zote. Ukasema ana mikono baridi."

"Alikuwa na mikono baridi, mama."

"Na huyu ana mikono gani?"

"Mikono ni ya mtu kabisa," nikasema, na Fundi Tangi, maskini, akaiinua yote miwili ili ionekane. Katika hali nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Mama akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Wewe. Unamtaka mwanangu kwa sababu ya fomu?"

"Hapana, mama. Fomu nilimkataza asikuombe. Jana tumegombana kwa ajili hiyo."

"Ulimkataza kwa nini?"

"Kwa sababu ya yatakayowapata ninyi." Alikuwa anaongea polepole, kofia imeshuka usoni. "Mimi nimezoea kuhamahama. Huyu ana nyumba, ana kazi ya baba yake, ana wewe. Nilimwambia aniache niende, nitamkumbuka huko niliko. Akanirushia gundi."

"Mkebe ulikuwa mtupu," nikasema.

"Haukuwa mtupu," akasema.

Nikaona kona ya mdomo wa mama ikicheza, kisha ikatulia. "Mwanangu, huyu kijana simchukii. Hata simjui. Lakini mimi ni mzazi. Kesho watu watakupita barabarani bila salamu. Wateja watahamia kwa wengine. Ukizaa, utazaa nini, na huyo utakayemzaa utamficha wapi? Nikifa nani atakutetea? Useme nilikuwa mkatili, sawa. Lakini siwezi kukushika mkono nikupeleke motoni kwa sababu tu umeniambia unapenda."

Nilikuwa na majibu kumi, na yote yalikuwa ya kitoto. Aliyejibu ni yeye.

"Mama yuko sawa," akasema Fundi Tangi. "Mimi niende nikafunge vitu vyangu."

Akaketi tena benchini kubadili viatu. Vipya hivi vya umbo la kwato asingeweza kutoka navyo barabarani, angekamatwa kabla hajafika kona. Akatugeuzia mgongo, kwa aibu, akavivua, akatoa kwenye mfuko wa spana vile vya dirishani. Akasokota matambara, akayajaza mbele panapotakiwa kuwa na vidole. Akaingiza ukwato wa kulia, akabana meno, akasukuma. Mguu ulikataa. Akasukuma tena, na safari hii nikasikia pumzi ikimtoka puani, ile ya mtu anayeumia huku hataki ijulikane.

Mimi nilikuwa nimeshayaona hayo. Nilikuwa nimeyalilia na kumaliza. Mama alikuwa hajayaona.

"Ngoja," akasema.

Fundi Tangi akaganda, mguu nusu ndani nusu nje.

"Toa. Lete hapa hicho kiatu."

Akampa. Mama akakipindua, akaingiza vidole ndani, akapapasa kama anavyofanya siku zote, macho yakiwa pembeni, kwa sababu mama ngozi huisoma kwa vidole. Akafika kwenye kisigino, akasimama.

"Hiki ni cha hapa."

"Ndiyo, mama. Nilikinunua dirishani."

"Mshono wa mara mbili. Hakuna mwingine mjini anayepiga mshono wa mara mbili kisigino." Akakipapasa tena. "Huu ni mkono wangu."

"Nilijua," akasema yeye kwa heshima kabisa. "Miaka saba barabarani sivai vingine. Ni imara sana, mama. Havifumuki hata mvua inyeshe wiki nzima."

Alikuwa anamsifu. Hakuwa na fumbo lolote moyoni, nakuapia. Na nilimwona mama akipokea sifa ile kama aliyechapwa.

Akateremka kwenye stuli, akapiga magoti sakafuni, juu ya vipande vya ngozi na misumari. Mama yangu, mwenye magoti mabovu, ambaye hata kitu kikimwanguka huniita mimi nimwokotee. "Weka mguu hapa," akasema, akagonga paja lake.

"Mama, hairuhusiwi—"

"Nimesema weka."

Akauweka. Ukwato safi, uliokatwa vizuri, mweusi wa kung'aa. Na juu yake, pale ambapo kwato hukutana na ngozi, kovu lililozunguka nyuma kutoka upande hadi upande, mistari miwili sambamba, na kati ya mistari nafasi ileile. Mama akapitisha kidole juu yake. Kisha akapitisha kidole ndani ya kiatu. Kisha akarudi kwenye mguu.

"Vinauma?"

Fundi Tangi akanitazama, kama anayeomba ruhusa ya kudanganya. Nikakataa kwa kichwa.

"Siku za mwanzo, mama."

"Siku ngapi za mwanzo?"

"Kama miaka mitano."

"Na ukapanda na miguu hii juu ya mapaa?"

"Juu huwa navua. Kule hakuna mtu. Tangu mwaka jana, huyu ndiye aliyenishonea vya kule." Akasita. "Mara ya kwanza nilipovaa vyake nilikaa juu ya paa mpaka jua likazama, sikutaka kushuka. Nilikuwa sijui kwamba kiatu kinaweza kuwa hivyo."

Mama alibaki pale chini, kiatu mkononi. Mjomba alikohoa, akatazama saa, akatazama dari.

"Miaka ishirini," mama akasema, si kwa yeyote. "Nashona, napitisha dirishani, napokea, nafunga dirisha. Hata siku moja sikuuliza kinaingia nini ndani. Nilikuwa nashona kwa ustadi, jamani. Nilikuwa najivunia."

Nikamshika bega. Hakuuondoa mkono wangu.

"Dada, ni saa tisa na robo," mjomba akasema kwa sauti ya chini. Mjomba anapenda kusema, lakini si mtu mbaya. "Kama unataka kumsaidia kijana wa watu, njia ipo, tena nyepesi. Fomu hii hapa. Jina, makazi, na huku chini kuna mahali pamoja tu pa kujaza: uhusiano wake na kaya. Nimepokea fomu mia mbili wiki hii. Wote wanaandika neno moja."

"Neno gani?"

"Mfugo."

Mama akainua uso.

"Ni neno la kwenye karatasi tu," mjomba akaharakisha. "Ukiandika mfugo, anabaki mjini, analala kwenu, anafanya kazi zake. Nyumba haiguswi, wala mlango haupakwi alama ya chokaa, na wateja hawajui lolote. Ukiandika neno la undugu, la damu au la ndoa, basi kaya nzima inaingia kwenye orodha pamoja naye. Na orodha hiyo ikiitwa siku moja, mnaitwa wote."

"Andikeni mfugo," akasema Fundi Tangi.

Nilimgeukia kama nimechomwa. "Umesema nini?"

"Andikeni hilo. Nimeitwa mabaya zaidi ya hapo, tena na watu wasionipa hata maji. Nitakuwa hapa. Nitakuona kila siku. Linanitosha."

"Mimi halinitoshi."

"Fundi wangu, nisikilize—"

"Sikusikilizi. Mfugo haoi. Mfugo akiugua haitwi daktari, anaitwa mwenye mali. Mimi sikukupenda nikufuge. Nilikupenda kwa sababu uko kule juu unatembea mahali ambapo sisi sote tungeanguka, halafu unashuka, unavaa maumivu, unasalimia watu kwa adabu na hawakuitikii, na kesho unawatengenezea tangi wapate maji. Sijaona mtu kama wewe. Nimekaa na watu wenye vidole kumi miguuni maisha yangu yote, sijaona." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Kama ni mfugo, basi nenda ng'ambo, na mimi nitakuja kukaa chini ya huo ukuta mpaka nife. Angalau huko utakuwa mtu."

"Usiseme hivyo," akasema, na sauti yake ikavunjika. Miaka miwili sikuwahi kuisikia ikivunjika. "Wewe ukipatwa na jambo kwa ajili yangu, mimi nitaishije? Nikiwa nimepanda pale juu huwa sishiki kitu, unajua kwa nini? Kwa sababu nikitazama chini naona mlango huu. Ukiwa salama ndani ya mlango huu, mimi siwezi kuanguka."

Nikamshika mkono, mbele ya mama na mbele ya mjomba, na kiganja chake kilikuwa na joto, kigumu, kimejaa michubuko ya spana. Mboni zake zilizolala zilikuwa zimelowa. Alinitazama mzima mzima, kama siku zote, na nilijua kwamba mtu huyu akiondoka kesho asubuhi, mimi nitaendelea kushona na kula na kuamka, lakini sitakuwa naishi.

Mama alikuwa ameshikilia benchi, anainuka, goti moja kisha jingine. Nilitaka kumsaidia akanizuia. Akamnyooshea mjomba mkono. "Fomu."

Mjomba akaitoa kwenye bahasha.

"Kalamu."

Akaitandaza juu ya meza ya kukatia ngozi, akasukuma mikasi pembeni. Aliandika jina. Aliandika makazi, nyumba yetu, mtaa wetu. Alipofika chini akasimama, kalamu hewani, na nilimwona akitazama karakana nzima, cherehani zetu mbili, rafu za ngozi, dirisha la pembeni, kila kitu alichokijenga na baba kwa miaka ile yote. Fundi Tangi alikuwa anatikisa kichwa taratibu, akimsihi asifanye.

Mama akaandika. Neno fupi. Akatia sahihi, akapuliza wino ukauke.

Mjomba akaichukua karatasi. Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akasoma tena.

"Dada. Umeandika mkwe."

"Najua nilichoandika."

"Unafahamu kwamba kesho watakuja kupaka chokaa mlango wako?"

"Waje. Na wakiuliza, waambie dirisha lile limefungwa. Kuanzia kesho wanaotaka viatu wataingia ndani, wakae, wapimwe."

"Na hilo la orodha?"

"Kaka, ulieleza vizuri, nilikuelewa mara ya kwanza. Ofisi inafunga saa kumi na wewe hutembei haraka. Nenda."

Mjomba akakunja fomu kwa uangalifu, akaitia mfuko wa ndani wa koti badala ya bahasha, upande wa moyo, akaanza kuhangaika na komeo la mlango.

"Baba," mama akaita, akiokota mikasi yake, "mfungulie mjomba wako mlango, komeo hilo hukwama."

Fundi Tangi hakusogea. Aligeuka kutazama nyuma yake, kisha akatazama dirishani, akimtafuta huyo baba anayeitwa.

"Ni wewe," nikamwambia. "Anakuita wewe."